Prophet, LightGBM na H3 kwa huduma ya moto Goma: ipi inafaa kutabiri wateja

Huduma ya kuita moto (pikipiki ya kubeba abiria) kwa simu haihitaji mengi kuanza hapa Goma: namba ya WhatsApp, mtu wa kupokea simu, daftari, na kundi la mamotari (madereva wa moto) wanaoaminika. Kazi inakuwa ngumu pale wateja wanapoongezeka. Saa kumi na moja jioni mtaa wa Ndosho unaita, na moto zote zimekaa Birere. Kesho yake zinapelekwa Ndosho mapema, mvua inanyesha, na wateja wote wako Katindo. Hapo ndipo watu wanaanza kuuliza kama kompyuta inaweza kujifunza kutoka kwenye daftari na kusema mapema wateja watatokea wapi.

Inaweza, na zana zenyewe ni za bure. Tunazipima tatu hapa. H3 ni ya kugawa mji vipande, na Uber iliitoa kwa umma mwaka 2018. Prophet ni ya kutabiri mfululizo mmoja wa namba. Facebook iliitoa mwaka 2017. LightGBM ya Microsoft inajifunza kwa miti ya maamuzi, mamia kwa mamia, kila mti ukirekebisha makosa ya iliyotangulia. Hukumu tuitoe mapema: H3 ichukue bila kusita, Prophet itumie kwa jumla ya mji mzima, LightGBM itumie kwa kutabiri mtaa kwa mtaa. Lakini hakuna hata moja itakayokusaidia kama unachohesabu ni safari zilizokamilika, kwa hiyo tunaanza na hilo.

Hesabu ombi, usihesabu safari

Safari iliyokamilika ni hitaji lililobahatika kupata moto. Tuseme Himbi, kati ya saa moja na saa mbili usiku, watu 14 wameomba na moto zilizokuwapo ni 5. Daftari la safari litaandika 5. Mashine itajifunza kwamba Himbi usiku ina wateja watano, na kesho itapendekeza moto tano. Zitakwenda tano, zitabeba watano, na ukipima utabiri utaona umepatia kabisa. Wale tisa waliokosa wamepanda moto wa barabarani na hawaonekani popote kwenye hesabu. Hatari ya kosa hili ni kwamba kipimo kinazidi kupendeza kadiri huduma inavyozidi kuwa mbovu.

Kwa hiyo kila ombi lipate mstari wake hata kama halikupata moto: tarehe na saa, mahali mteja alipo, anakokwenda, na lilivyokwisha, yaani limehudumiwa, mteja ameghairi, au moto haikupatikana. Kisha maombi yaliyorudiwa yaunganishwe. Mteja aliyekosa moto hubipu mara tatu, hutuma ujumbe, halafu hupiga tena. Kanuni nyepesi ya kuanzia: maombi ya namba ileile, ndani ya dakika 10, kutoka umbali usiozidi mita 300, ni ombi moja. Usipoyaunganisha, mahitaji yatavimba hasa katika saa ambazo moto zilikuwa chache, na mashine itakuambia upeleke nyingi kupita kiasi.

Sifuri nazo ziko za aina mbili. Sifuri ya kweli ni ya saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, hakuna aliyeita. Sifuri ya uongo ni ya saa ambayo mtandao ulikatika au simu ya ofisi ilizimika kwa kukosa umeme. Weka daftari la pili, dogo, la kuandika kila kukatika: kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Saa hizo ziachwe wazi kwenye jedwali, usiandike 0. Prophet inavumilia nafasi iliyo wazi; LightGBM inaivumilia ndani ya safu za kujifunzia, ila mstari ambao idadi ya kutabiri yenyewe iko wazi uondoe kabla ya kufundisha. Zote mbili hazivumilii uongo.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi, na hata watu wa kompyuta hulifanya. Orodha ya maombi ina mistari ya saa zilizokuwa na maombi tu. Ukijumlisha kwa mtaa na kwa saa, saa zisizo na ombi hazitokei kabisa, na mashine inajifunza kwamba kila mtaa una angalau mteja mmoja kila wakati. Lazima ujenge jedwali kamili: kila kipande cha mji, kila saa, kila siku, kisha ujaze 0 pale ambapo hakuna ombi na hapakuwa na kukatika. Kwa vipande 100, mwaka mmoja unatoa 100 × 24 × 365, yaani mistari 876,000. Kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 8 inaibeba bila shida.

Saa za Goma

Hapa makosa ni mengi kiasi kwamba panastahili sehemu yake. Kongo ina kanda mbili za saa: Kinshasa iko UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa, UTC), Goma iko UTC+2 pamoja na Bukavu na Lubumbashi. Seva nyingi huandika kwa UTC. Anayepanga saa kwa kuchagua nchi badala ya mji hupewa Africa/Kinshasa, na jedwali lote linarudi nyuma saa moja: msongamano wa saa moja asubuhi unaonekana saa kumi na mbili. Jina sahihi ni Africa/Lubumbashi. Geuza saa kwanza, ndipo utoe siku ya wiki. Ukifanya kinyume, ombi la Jumapili saa 00:30 litahesabiwa la Jumamosi.

Prophet haipokei safu ya tarehe iliyobeba jina la eneo la saa. Inakataa na kutoa kosa. Ukishageuza, ondoa alama hiyo ubaki na saa tupu.

Na kuna saa ya Kiswahili. Mpokea simu mmoja anaandika 8h, mwenzake anaandika saa 2, wote wanamaanisha saa mbili asubuhi. Wa tatu anaandika saa 2 akimaanisha usiku. Ukiingiza daftari la namna hiyo, utapata wateja wengi ajabu saa nane usiku. Dalili ni hiyo hiyo kila mara: kichuguu cha maombi kati ya 01:00 na 03:00. Dawa ni kuandika kwa mtindo mmoja tu, tarakimu nne, 08:00 au 20:00, na kuubandika ukutani mbele ya simu.

H3: vipande vya pembesita

H3 inaufunika uso wa dunia kwa pembesita za viwango 16, kuanzia 0 hadi 15. Unaipa latitudo na longitudo, inakurudishia jina la kipande. Pembesita ina faida moja kubwa kuliko mraba: majirani wote sita wako umbali unaolingana kutoka katikati, kwa hiyo kuuliza moto zilizo jirani ziko wapi kunakuwa hesabu rahisi.

Swali ni kiwango gani. Kipande cha kiwango cha 7 kina wastani wa kilomita za mraba 5.16, cha 8 kina 0.737, cha 9 kina 0.105. Goma ina kilomita za mraba 75 hivi. Ina maana vipande 15 kwa kiwango cha 7, kama 100 kwa cha 8, na zaidi ya 700 kwa cha 9. Sasa chukua huduma yenye maombi 500 kwa siku. Kwa kiwango cha 9 kila kipande kinapata ombi moja kila saa 34 hivi. Hakuna mashine inayojifunza kitu hapo. Kwa kiwango cha 8 ni ombi moja kila saa tano, bado ni kidogo, ila vipande vya katikati ya mji vitakuwa na vya kutosha. Kwa kiwango cha 7 ni ombi 1.4 kwa kila kipande kila saa. Huduma changa ianze na 7, ipande kwenda 8 maombi yakifika maelfu kwa siku. Hamu ya vipande vidogo inaeleweka, maana motari anataka kuambiwa kona, hataki kuambiwa kartiye (mtaa) nzima. Lakini kona utaipata kwa ujuzi wake mwenyewe.

Hitilafu za H3 kwa Goma ni tatu. Ya kwanza, haijui mpaka. Kipande kikubwa cha upande wa Birere kinaweza kuvuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka, na kuingia Gisenyi nchini Rwanda, kwa hiyo eneo halisi ambalo moto zako zinahudumia ni sehemu yake tu. Ya pili, haijui uwanja wa ndege wala ziwa. Vipande viwili vilivyo mashariki na magharibi ya njia ya ndege ni majirani kwenye ramani, lakini barabara inazunguka. Kabla ya kutumia orodha ya majirani, ipitie kwa mkono na ukate zile jozi ambazo moto haiwezi kuvuka moja kwa moja. Kwa mji wenye vipande 100 ni kazi ya asubuhi moja. Ya tatu, vipande vidogo havikai sawasawa ndani ya kikubwa. Hutokeza kidogo pembeni. Usipande na kushuka viwango ukitarajia hesabu zilingane kabisa mpakani.

Upande wa matumizi: toleo la 4 la H3 lilibadilisha majina ya amri. Iliyokuwa geo_to_h3 sasa ni latlng_to_cell, na k_ring sasa ni grid_disk. Masomo mengi ya mtandaoni bado yana majina ya zamani, na mtu anadhani hakuisanikisha vizuri. Mpangilio ni latitudo kwanza. Goma iko karibu na -1.68, 29.22. Ukigeuza namba hizo, wateja wako watahamia jangwani Algeria. Ukisahau alama ya kutoa, watakwenda msituni Ituri. Chora ramani mara moja kabla ya lolote. Na jina la kipande lihifadhi kama maneno, usilihifadhi kama namba: namba yake ina tarakimu 18, na ukiifungua kwa Excel za mwisho zinageuka sifuri, namba hailingani tena na kipande chake.

Wateja wasiotuma mahali kwa simu husema kwa alama: Entrée Président, Rond-point Signers, mbele ya chukudu. Tengeneza jedwali la alama 100 au 150 zenye latitudo na longitudo, na uweke tahajia zote zinazotumika. Chukudu na Tchukudu, Kyeshero na Keshero, ni mahali pamoja. Kompyuta haijui hivyo mpaka uiambie.

Prophet

Prophet inataka safu mbili tu, ds ya wakati na y ya idadi, na kwa mistari michache ya Python (lugha ya programu) unapata mchoro wa wiki ijayo. Inavunja mfululizo kuwa mwelekeo, mzunguko wa siku, mzunguko wa wiki, mzunguko wa mwaka na sikukuu, na inakuonyesha kila kimoja peke yake. Hapo ndipo inapong'aa. Kumweleza mwenye moto kumi kwa nini Ijumaa inazidi Jumanne, hakuna mchoro bora kuliko ule. Kwa kupanga jumla ya moto zinazohitajika kesho mji mzima, au mafuta ya wiki, inatosha.

Udhaifu wake wa kwanza kwa kazi yetu: ukiiacha kama ilivyo, inadhani umbo la siku ni lilelile siku zote saba, ila Jumapili linapanda au kushuka lote kwa pamoja. Goma haiko hivyo. Asubuhi ya Jumatatu ni ya shule na ofisi, asubuhi ya Jumapili ni ya kanisa, na vilele vyake viko saa tofauti. Prophet ikiachwa hivyo itatabiri wanafunzi Jumapili. Dawa ipo: zima mzunguko wa siku, kisha ongeza mitatu yenye masharti kwa add_seasonality na condition_name, mmoja wa Jumatatu hadi Ijumaa, mmoja wa Jumamosi, mmoja wa Jumapili.

Wa pili: inaweza kutabiri namba hasi. Saa kumi usiku itakuambia kuna wateja -2. Kata kwa sifuri, na tumia mizunguko ya kuzidisha badala ya kujumlisha, hasi zitapungua. Na kama huduma yako inafunga usiku, usiiombe itabiri saa ambazo hujawahi kuifundisha; itatunga mawimbi ya ajabu.

Wa tatu, na huu ni mzito kwa mji kama wetu: Prophet hutafuta mageuzi ya mwelekeo katika asilimia 80 ya kwanza ya historia tu. Jambo likiugeuza mji mwezi uliopita, na una data ya mwaka mmoja, liko ndani ya ile asilimia 20 ambayo haiangaliwi. Panua changepoint_range hadi 0.95, na upandishe changepoint_prior_scale kutoka 0.05 kidogo kidogo ukipima.

Kuhusu mzunguko wa mwaka, Prophet yenyewe huuwasha tu kama una miaka miwili ya data. Usiilazimishe kwa miezi minane. Itachukua msimu mmoja wa mvua na kuufanya sheria. Na ukisoma somo linalosema usanikishe fbprophet, ni la zamani: tangu toleo la 1.0 la mwaka 2021 jina ni prophet tu.

Kwa kutabiri mtaa kwa mtaa hatuipendekezi. Vipande 100 ni modeli 100, kila moja inajifunza peke yake, na vipande vyenye maombi machache vinabaki na kelele tupu. Kyeshero haijifunzi chochote kutoka Himbi ingawa watu wa mitaa yote miwili wanatoka kazini saa ileile.

LightGBM

Hapa kuna modeli moja kwa vipande vyote, na ndiyo sababu tunaipenda. Kwenye shindano la utabiri la M5 la mwaka 2020, lililotumia mauzo ya Walmart, miti ya aina hii ndiyo iliyotawala juu ya orodha, na tatizo lilikuwa ndugu wa hili letu: mifululizo mingi, iliyojaa sifuri, inayofuata kalenda moja.

LightGBM haijui wakati. Inajua safu unazoipa tu, na ubora wote unatoka hapo. Chukua mfano mmoja: ni Ijumaa, saa sita mchana, unatabiri Ndosho saa 17:00 hadi 18:00 leo. Safu zinazofaa ni hizi: saa, siku ya wiki, kipande, maombi ya Ijumaa iliyopita saa hiyohiyo, ya Ijumaa ya kabla yake, wastani wa Ijumaa nne, maombi ya jana saa 17:00, wastani wa majirani kwa Ijumaa nne, mvua inayotabiriwa saa 16:00 na 17:00, kama ni sikukuu, kama shule zimefunguliwa, saa ya kufunga mpaka. Kisha moja inayobeba hali ya siku: jumla ya maombi ya mji tangu asubuhi hadi saa 12:00, ikigawanywa kwa wastani wa Ijumaa nne kwa muda huohuo.

Maombi ya leo saa 16:00 hayamo, kwa sababu saa sita mchana bado hayajatokea. Hili ndilo tundu linalozamisha kazi nyingi. Ukifundisha kwa kutumia saa iliyotangulia, kosa kwenye majaribio linakuwa dogo la kufurahisha, halafu siku ya kwanza kazini kila kitu kinaanguka. Amua kwanza utabiri unatolewa saa ngapi na kwa saa ngapi mbele, kisha uvute kila safu nyuma kwa umbali huo.

Mipangilio ya kuanzia: lengo (objective) poisson, la namba za kuhesabu, ambalo kwa asili yake halitoi hasi, learning_rate (kasi ya kujifunza) 0.05, num_leaves (majani ya kila mti) 31 kama ilivyo, min_child_samples (mistari ya chini kwa kila jani) ipandishe kutoka 20 hadi 100, kwa sababu saa nyingi ni sifuri na tawi la mistari 20 ni bahati tu, miti hadi 1,000 ikisimama yenyewe isipoendelea kuboreka. Kuanzia toleo la 4 kusimamisha huko kunawekwa kwa callback, si ndani ya fit kama zamani. Safu ya kipande igeuzwe kuwa aina ya category.

Udhaifu mkubwa wa miti: haiwezi kutabiri zaidi ya ilichowahi kuona. Huduma inayokua kila mwezi itatabiriwa chini daima. Tunashauri usitabiri idadi yenyewe bali uwiano wake na wastani wa wiki nne: (idadi + 0.5) gawanya kwa (wastani + 0.5). Ile 0.5 inazuia kugawanya kwa sifuri. Kila mstari upewe uzito unaolingana na wastani wake, la sivyo vipande vitupu vitaivuta modeli. Mwisho unazidisha na kurudisha.

Na idadi ya kati si lazima iwe idadi ya moto za kupeleka. Tuseme mteja aliyekosa moto anakupotezea faranga 1,000, na moto iliyopelekwa bure inapoteza faranga 500 za mafuta na muda. Basi unataka namba ambayo mahitaji hayataizidi mara 1,000 kati ya 1,500, yaani 0.67. LightGBM inatoa hiyo moja kwa moja kwa lengo quantile na alpha 0.67. Prophet nayo hutoa kiwango cha chini na cha juu, asilimia 80 ukiiacha ilivyo, lakini kwa namba ndogo za mtaa kingo zake hazifai kutegemewa.

Mvua na kalenda

Open-Meteo, huduma ya hali ya hewa ya mtandaoni, hutoa mvua kwa saa, ya nyuma na ya mbele. Ni bure bila ufunguo wa akaunti kwa matumizi yasiyo ya biashara. Huduma ya moto ni biashara, kwa hiyo hesabu malipo yake. Tahadhari mbili. Fundisha kwa mvua iliyotabiriwa wakati ule, usifundishe kwa mvua iliyonyesha, maana siku ya kazi utakuwa na utabiri tu. Na mvua kubwa haiongezi wateja papohapo: watu wanasubiri barazani na mamotari wamejificha pia, kisha inapokatika wote wanaita kwa pamoja. Bila safu ya mvua ya saa iliyotangulia, mashine itakosa kilele hicho.

Sikukuu ziandike mwenyewe: 4, 16 na 17 Januari, 6 Aprili, 1 na 17 Mei, 30 Juni, 1 Agosti, pamoja na Krismasi na mwaka mpya. Kwa vipande vya mpakani ongeza kalenda ya Rwanda: umuganda (kazi za pamoja za jamii) wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, 7 Aprili, 1 na 4 Julai. Petite Barrière hufuata nchi mbili.

Siku ambazo mji haukuwa mji

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 kartiye 10 kati ya 18 ziliamriwa kuhama. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Siku kama hizo si mahitaji ya kujifunza. Watu walikuwa wanakimbia kuokoa maisha yao, na haifai kuwageuza kuwa kilele cha wateja. Kwenye Prophet weka y wazi kwa tarehe hizo. Kwenye LightGBM kufuta mistari hakutoshi: safu ya wiki iliyopita itazibeba siku hizo na kuzileta wiki inayofuata, na wastani wa wiki nne utazibeba mwezi mzima. Weka wazi hata ndani ya safu hizo. Na baada ya mabadiliko makubwa, anza kuhesabu upya wastani kutoka tarehe mpya, hata kama utabaki na wiki mbili tu za data. Kipande cha uwanja wa ndege hakitarudi kwa kukumbuka mwaka jana.

Kupima

Mpinzani wa kwanza ni wastani wa saa hiyohiyo kwa wiki nne, kitu cha dakika tano kwenye jedwali. Modeli isiyoushinda itupwe. Usichanganye mistari kwa bahati nasibu: fundisha hadi wiki nane zilizopita, tabiri wiki inayofuata, sogea wiki moja, rudia mara nane. Kipimo kiwe jumla ya makosa gawanya kwa jumla ya maombi. Halisi ikiwa 4, 0, 2 na utabiri 3, 1, 2, makosa ni 2 juu ya 6, yaani asilimia 33. Kipimo cha asilimia kwa kila mstari hakifai, kwani saa yenye 0 inagawanya kwa sifuri.

Kuufikisha kwa motari

Utabiri mzuri unaharibika hapa. Ukiwatumia wote kwamba Signers itahitaji moto 12, watakwenda 40, wataungua jua bila abiria, na kesho hawatasoma ujumbe wako. Toa kwanza moto zilizopo tayari pale. Zikiwa 4, waite 8 tu, walio vipande vya jirani, kwa majina yao. Namba za simu za wateja zifichwe kwenye data ya kufundishia, na baada ya siku 30 mahali halisi pafutwe kibaki kipande cha H3 pekee. Katika mji huu, orodha ya nani alichukuliwa wapi usiku ni hatari ikianguka mikononi mwa mtu mbaya. Ujumbe wenyewe uende kwa SMS, kwa kuwa mega za intaneti huisha mchana na SMS hufika: «Ndosho, 17:00–18:00, moto 5 zaidi. Mvua itakatika 16:30.»